Utafiti wa Kujidhuru Ufike Saza, Lakini Usije na Daftari la Makabila

Katika vijiji vingi vya nchi hii, mtu akijaribu kujiua akawahiwa na majirani, swali la kwanza linalozuka katika kikao cha ndugu halihusu daktari. Ndugu huulizana wataandikisha nini. Wakisema ukweli, mgonjwa wao amekwisha kuungama kosa. Wakisema uongo, zahanati itamtibu kama mtu aliyekosea chupa ya dawa gizani, na baada ya siku mbili atarudi katika nyumba ile ile, kwenye jambo lile lile lililomsukuma. Mara nyingi huchaguliwa uongo. Wala si haki kuwalaumu wazee wanaouchagua, maana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 217, imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kosa la daraja hilo laweza kumfikisha mtu gerezani hadi miaka miwili.

Kifungu hicho hakikutungwa na Watanzania. Ni urithi wa Waingereza, ambao wenyewe walikwisha kuifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961, yaani mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala. Mtawala aliutua mzigo wake, na aliyetawaliwa akaendelea kuubeba. Ghana iliutua mwaka 2023. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya huko kinakwenda kinyume cha Katiba. Jambo hili latajwa mwanzoni kwa sababu pasipo kulitatua, mazungumzo yote yanayofuata juu ya utafiti ni bure. Mtafiti hawezi kuhesabu kitu ambacho kila mtu ameshauriwa na sheria akifiche.

Na utafiti unahitajiwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 walikufa kwa kujiua katika mwaka 2021, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo duniani. Hizo ni hesabu za waliokufa tu. Waliojidhuru wakabaki hai ni wengi zaidi ya hao, na katika hao ndimo wanamopatikana watu ambao bado waweza kusaidiwa.

Huko Ulaya, wataalamu wamekwenda mbele hatua moja zaidi, wakauliza: je, watu wa jamii ndogo, wageni na watoto wa wageni, hujidhuru kwa kadiri sawa na wenyeji wengi? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 nchini Uingereza ulichunguza hospitali za miji mitatu, Oxford, Manchester na Derby. Ulionyesha kwamba wanawake vijana weusi, wa umri wa miaka 16 hadi 34, walifika hospitalini kwa kujidhuru kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa jamii nyingine. Hata hivyo, lililo zito zaidi katika utafiti huo halikuwa hesabu ile. Ilionekana kwamba watu wa jamii ndogo, wakiisha kufika hospitalini, walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuchunguzwa na wataalamu wa maradhi ya akili. Maana yake, msichana aliyekuwa na shida kubwa kuliko wengine ndiye aliyefungwa bandeji na kuruhusiwa kwenda zake. Basi swali la jamii ndogo si swali la damu wala la tabia ya kabila. Ni swali la nani anayesikilizwa akifika mlangoni pa hospitali.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuwa na hadhari na utafiti wa namna hii. Mwaka 1953, Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyekuwa akiiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Carothers alieleza kwamba huzuni ya kuwa ugonjwa ni adimu kwa Mwafrika, na akaitafuta sababu katika ubongo na malezi ya Mwafrika mwenyewe. Wagonjwa aliowaona ni wale walioletwa hospitalini kwa sababu walikuwa wakileta ghasia. Aliyekaa kimya nyumbani akiwaza kufa hakuletwa, na kwa kuwa hakuletwa, daktari akaandika kwamba hayupo. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, kilitoka kitabu kilichohaririwa na Paul Bohannan kuhusu mauaji na kujiua katika Afrika, kikiwa na sura za Wasoga, Wagisu, Wanyoro, Waluyia, Wajaluo, Waalur na Wativ wa Nigeria. Kitabu hicho kilionyesha wazi kwamba Waafrika hujiua kwa sababu zinazofahamika na binadamu yeyote: ugomvi wa ndoa, aibu, ugonjwa, kufiwa. Lakini nacho kilipanga watu kabila kwa kabila, kana kwamba kila kabila lina kifo chake.

Hapo ndipo Saza inapoingia. Kata hiyo ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, imo katika nchi ya dhahabu ya Lupa. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu mwaka 1939 hadi 1956, na tangu siku za wakoloni machimbo ya Lupa yaliwakusanya watu kutoka pande zote, wakiwamo Wanyakyusa na vibarua wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mgodi ulipofungwa, watu hawakufungwa pamoja nao. Wachimbaji wadogo wameendelea kuchimbua miamba ile ile, na mwaka 2012 mgodi mkubwa wa New Luika ukaanza kutoa dhahabu katika eneo hilo. Katika nchi hiyo wamo Wabungu wa upande wa Ziwa Rukwa, Wakimbu, Wanyiha, Wanyamwanga, na wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakitafuta malisho.

Sasa mtafiti akija na kitabu chake cha Ulaya, aulize ni nani hapa aliye wa jamii ndogo, atajibiwa nini? Wasukuma ni kabila kubwa kuliko yote nchini. Lakini mama wa Kisukuma ambaye boma lake liko mbali na barabara, ambaye hana shangazi wala mama mkwe wa kumkimbilia kijijini, na ambaye hutazamwa kama mtu wa kundi lililokuja kumaliza majani, ni mgeni kwa kila maana ya neno hilo. Mbungu ni mwenyeji wa asili, ana makaburi ya babu zake, lakini kabila lake ni dogo na lugha yake haisikiki mbali. Na yule kijana aliyekuja machimboni peke yake, anayelala katika kibanda cha turubai na anayefahamika kwa jina la utani tu, hata akitoka katika kabila lenye watu milioni nyingi, siku akiamua kujidhuru hatakuwapo wa kumtafuta hadi jioni ya siku ya pili. Uchache wa mtu hauonekani katika kabila lake. Huonekana katika idadi ya watu watakaogundua kwamba hajaamka.

Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na hauna haja ya kuombewa radhi. Nchi jirani zilizoendelea kuwahesabu watu kwa makabila zimejua gharama yake. Lakini yafaa ikubaliwe pia kwamba kila uamuzi mwema una kivuli chake. Mahali ambapo hakuna anayehesabiwa kwa kabila, maumivu ya kundi dogo huyeyuka katika wastani wa mkoa, na wastani wa mkoa haujapata kulia. Tena tafiti za Kitanzania zinazotajwa sana juu ya jambo hili zilifanywa Dar es Salaam: ule wa Ndosi na Waziri uliochapishwa mwaka 1997 juu ya watu waliojaribu kujiua, na ule wa Mgaya na wenzake juu ya vifo vya kujiua vya mwaka 2005. Ni kazi za heshima. Lakini mtu wa Dar es Salaam ana Muhimbili. Mtu wa Saza ana zahanati na barabara ya vumbi ya kwenda Mkwajuni.

Je, ni lazima basi daftari la makabila lirudishwe ili wanyonge waonekane? Hapana. Yapo maswali mengine yanayofika mbali zaidi. Mtu huyu amekaa hapa miaka mingapi? Nyumbani huzungumza lugha gani? Ana ndugu mmoja katika umbali wa kutembea kwa miguu? Ardhi anayolima au kuchungia ni yake, ya kukodi, au ya mgogoro? Chakula chake hutegemea kipato cha nani? Majibu ya maswali hayo hayamfanyi mtu kuwa adui wa jirani yake, na yanamwambia mganga mengi kuliko neno moja la kabila.

Lugha yenyewe nayo yastahili uangalifu. Hojaji nyingi za maradhi ya akili zilitungwa Ulaya na Marekani, kisha zikatiwa Kiswahili. Humwuliza mgonjwa kama ana huzuni. Mgonjwa hujibu hapana, na kwa ukweli kabisa, maana yeye hakuja na huzuni; amekuja na mawazo yaliyomzidi, kichwa kinachouma kila siku, moyo unaokwenda mbio usiku. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walilitambua jambo hili, na mwaka 2008 wakachapisha hojaji ya vipengele 19 iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania kwa ajili ya kuitambua sonona. Njia hiyo ndiyo ya kufuatwa, na ifuatwe hadi ndani zaidi. Mwanamke anayeomboleza kwa Kisukuma asilazimishwe kuutafsiri uchungu wake mbele ya bwana afya mgeni, huku mumewe akiwa mkalimani. Huenda mume ndiye habari yenyewe.

Kuna somo moja la mbali linalostahili kusikilizwa Songwe. Mwaka 1998, Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha uchunguzi wao juu ya jamii za wenyeji wa asili wa British Columbia, huko Kanada. Kwa jumla, vijana wa wenyeji hao walikuwa wakijiua kwa kiwango cha kutisha kuliko vijana wengine wa nchi hiyo. Laiti wangeishia kwenye jumla, wangeandika kwamba hilo ni gonjwa la kabila. Wao waliitazama jamii moja moja, wakakuta kwamba zaidi ya nusu hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka waliyoichunguza, na msiba wote ulikuwa umelundikana katika jamii chache. Tofauti iliendana na mambo ambayo mtu wa kijijini angeyataja bila kusoma kitabu: kama watu wale walikuwa wakijitawala, wakidai ardhi yao, wakiendesha shule na huduma zao za afya, wakilinda usalama wao, na kuwa na mahali pa kuhifadhi mila zao. Jamii zilizokuwa na hayo yote hazikuwa na msiba huo. Anayeshughulikia migogoro ya mipaka ya malisho na leseni za uchimbaji huko Songwe huenda hajui kwamba naye anafanya kazi ya afya.

Liko jambo jingine lisilohitaji kungojea utafiti wowote. Sehemu kubwa ya wanaojidhuru hufanya hivyo katika saa moja ya ghadhabu au kukata tamaa, na saa hiyo ikipita salama, wengi hawarudii tena. Kwa hiyo kinachokuwamo ndani ya nyumba saa hiyo ndicho kinachoamua. Sri Lanka ilipiga marufuku, hatua kwa hatua, dawa za mashambani zilizo kali kuliko nyingine, na tangu mwaka 1995 kiwango cha watu wanaojiua nchini humo kimeshuka kwa karibu asilimia 70 katika muda wa miaka ishirini. Wakulima wa huko hawakuacha kulima, na mavuno hayakuporomoka. Wilaya inayolima mahindi na ufuta, na ambayo juu ya hayo ina kemikali za kusafishia dhahabu, haina sababu ya kuacha vitu hivyo viuzwe pamoja na sabuni na chumvi, au vilazwe chini ya kitanda. Ghala moja la kijiji lenye kufuli, na mtu anayeaminika wa kutunza ufunguo, si gharama ya kuishinda halmashauri yoyote.

Utafiti ukija Saza, basi, uanzie kwa wale wanaopokea siri hizi bila mshahara: mhudumu wa afya wa kijiji, mkunga, mwenye duka la dawa, mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa wachimbaji, mzee wa boma. Hao wajue kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humwonyesha kwamba kuna anayemjali. Wajue pia kumfikisha zahanati na kurudi kumtazama wiki inayofuata. Mtafiti naye aapishwe mbele yao kwamba jina la mtu halitatoka katika karatasi zake kwenda kituo cha polisi. Lakini kiapo hicho hakitakuwa na nguvu kubwa maadamu kifungu cha 217 kingali kitabuni, na hilo ni la Bunge kulimaliza huko Dodoma, si la mzee wa boma.