Mwezi Mpevu Hausikii Sala



Kila mwezi unapopevuka, huko Uingereza na Marekani hukusanyika wafuasi wa Wika, dini ya upagani mamboleo. Husimama duara, na kuhani wao wa kike huwa katikati ili “kuushusha mwezi”, yaani kumwita mungu wa kike amwingie na kunena kwa kinywa chake. Wengine huacha maji na vito nje usiku kucha vipokee nguvu za mwezi. Vijana wetu huyaona hayo kwenye intaneti, nao huambiwa kwamba ndiyo dini ya kale iliyozimwa na Kanisa.

Dai hilo si kweli. Dini hiyo ilitangazwa na Mwingereza Gerald Gardner katika kitabu chake cha mwaka 1954, miaka 3 baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya uchawi. Aliegemea maandishi ya Margaret Murray, aliyedai mwaka 1921 kwamba walioshtakiwa kwa uchawi Ulaya walikuwa waumini wa dini moja ya kale. Wanahistoria wameikataa nadharia hiyo. Mwezi ni mkongwe. Ibada hiyo ni changa.

Lakini tusiwacheke. Wangapi kati yetu husadiki kwamba mwezi mpevu huchochea wazimu? Hata neno la Kiyunani katika Mt 17:15, ambalo Biblia zetu hulitafsiri kuwa kifafa, latokana na jina la mwezi, kwa kuwa ndivyo watu wa kale walivyodhani. Mwaka 1985 wataalamu Rotton na Kelly walipitia tafiti 37, wasione uhusiano wa maana kati ya mwezi mpevu na vurugu za akili. Mgonjwa apelekwe hospitali, asingojeshwe mpaka mwezi upungue.

Wala tusiwazushie. Mafundisho ya Wika hayamtambui Shetani, na kuwasingizia kwamba wanamwabudu ni kuvunja amri ya nane. Sisi wa Tanzania, nchi ambayo bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa tu, twajua jinsi neno “mchawi” linavyomwaga damu.

Kosa lao ni lile alilolikataa Ayubu (Ayu 31:26-28): moyo kuvutwa kwa siri na mng’ao wa mwezi hata ukamsahau Mungu. Katekisimu, namba 2117, yakataza kutafuta kuzitawala nguvu zilizofichika. Mwezi hauna hata nuru yake wenyewe, sembuse huruma! Haumsamehe mdhambi, wala haumfuti mjane machozi.

Hata hivyo, tujiulize kwa uchungu: kijana anayeomba mbele ya mwezi, alikuja kwetu kwanza? Alipokuja, alikuta watu wanaosali, au alikuta matangazo ya michango tu? Asiyefundishwa kusali atajifundisha mwenyewe, popote.

Nasi tunao mwezi mpevu wetu. Ndio unaotuongoza kuipata tarehe ya Pasaka, Dominika inayofuata mwezi mpevu wa majira yale. Naye Mtakatifu Ambrosi aliuona mwezi kuwa mfano wa Kanisa, linalong’aa kwa nuru ya Kristo tu. Basi utakapopevuka tena, tutoke nje na watoto wetu, tuutazame, kisha tusali pamoja nao kwa Yeye aliyeuumba.

Mungu awabariki.