Neno "Fokasi" Lisimeze Maneno Yetu

Limeingia kwetu Zegereni, kama lilivyoingia kote Kibaha na Kisarawe, neno moja ambalo sasa lasemwa kila mahali: "fokasi." Kijana huambiwa afokasi kwenye masomo, mkulima afokasi kwenye mihogo, na msemaji mkutanoni hutangaza kwamba mwaka huu fokasi ni maji. Watu hupiga makofi, kisha huenda zao. Nasi twauliza: wameahidiwa nini?

Hatulichukii neno hili kwa kuwa ni geni. Kitabu, meza na shule nayo ni maneno yaliyotoka ugenini, lakini kila moja lilikuja na kitu chake. Hata hili lina mahali pake. Katika Kilatini maana yake ilikuwa meko, yaani mahali pa moto nyumbani. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alilitumia katika elimu ya mwanga. Mtu akishika kioo cha kukuzia juani, ataona miale ikikutana katika nukta moja hata karatasi ikaungua. Nukta hiyo na iitwe fokasi. Hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni kwamba neno moja lameza mengi. Mwenye kuliweka jambo moyoni asilisahau, hulizingatia. Mwenye kupiga mshale, hulenga. Mwenye kusoma asiyaache mawazo yake yatangetange, hukaza nia. Mwenye kuliweka jambo moja mbele ya mengine, hulitanguliza. Mambo hayo si mamoja. Msemaji akisema, "Tutalizingatia jambo la maji," ameahidi kufikiri tu. Akisema, "Tutatanguliza maji," ameahidi kwamba fedha zitakwenda huko kabla ya kwingine, nasi twaweza kumdai. Lakini akisema, "Fokasi ni maji," hakuahidi lolote, na kisima kisipochimbwa hana deni kwa mtu.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya tarumbeta ambayo mlio wake hautambulikani. Ndivyo lilivyo neno hili mikutanoni.

Basi walimu, wazee wa kanisa na wazazi, tusione haya. Msemaji akilitamka, na asimame mmoja wetu amwulize kwa adabu: "Bwana, wasema kuzingatia, au kutanguliza?" Na jibu lake liandikwe katika daftari la mkutano, pamoja na tarehe.