Wazazi wa Mutuka, Funguo Tunazitoa Wenyewe



Juzi jioni kijana wa miaka kama 15 aliingia lami na pikipiki ya nyumbani kwao, kapiga mishikaki: wenzake wawili nyuma, elementi moja tu, nayo imening'inizwa kwenye usukani. Akataka kulipita fuso. Mmoja kavunjika paja, mwingine hadi leo haongei sawasawa. Kesho yake wazee wakakaa kuyamaliza kifamilia, wakagawana gharama za taa na tangi. Nani alitoa ufunguo? Hakuna aliyeuliza.

Sababu tunazijua. Mbaazi zikiuzwa pikipiki inanunuliwa; mtoto kamaliza kidato cha nne, "asikae bure". Na tangu lami ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa izinduliwe 2018, malori na mabasi yanapita hapa kwetu Babati usiku na mchana.

Lakini lililo chungu ni hili: mzazi unayemkabidhi mwanao pikipiki kisha ukamdai hesabu ya bodaboda kila jioni, mwendo umempangia wewe. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Hesabu yako inasema 90. Akianguka unamlaumu trafiki!

Nyuzilandi, tangu 1987, dereva kijana haachiwi barabara siku moja. Mwanzoni hata mwenye leseni anazuiwa kuendesha peke yake usiku wa manane, na kubeba wenzake hovyo hawezi. Sisi tunahitaji Bunge litutungie hilo?

Tukubaliane hivi: hana leseni, haendeshi, iwe gari ya baba mdogo au pikipiki ya shamba. Anayejifunza ajifunzie njia ya vumbi, mzazi kakaa nyuma yake, mkono begani. Akishapata leseni, miezi 6 ya kwanza asibebe mtu, hata dada yake. Jua likizama ufunguo uwe chumbani kwa mama. Akina mama hawahongeki kwa soda. Elementi ifungwe kidevuni. Hesabu isitajwe kabisa.

Ukimwona wa jirani anakimbiza, mpigie mzazi wake simu. Nawe ukipigiwa, tafadhali, usinune wala usiulize "wa kwako je?"

Nawasihi, mkutano wa mtaa ujao tuje wote, baba na mama, tuyakubali haya mbele ya mwenyekiti, na vijana wakiwa wamekaa wanasikia. Atakayekosa kwa kisingizio cha palizi, tutamfuata hukohuko shambani.