Wa Pili kwa Sekunde Moja

Ndugu msomaji, mtoto aletapo nyumbani ripoti ya shule yenye nafasi ya pili, katika nyumba zetu nyingi swali la kwanza aulizwalo ni hili: nani aliyekushinda? Pongezi huja baadaye, kama zikija. Ndiyo sababu Jumapili ya leo nimeona tumtazame Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni kutoka Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambaye nafasi ya pili alikutana nayo mara nyingi mno.

Mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga, aliyeshinda mbio za mita 10,000 katika michezo hiyo hiyo, waliwaacha wengine nyuma kabisa. Robert de Castella, mwenyeji, alikuja polepole, akampita Shahanga, kisha akamfikia Ikangaa. Hapo ndipo wenye kuitazama waliposimama. Ikangaa akapitwa, akarudi mbele, akapitwa tena. De Castella alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa alifika sekunde 12 baadaye, akavishwa medali ya fedha.

Mwaka uliofuata, mjini Fukuoka, Mjapani Toshihiko Seko alimshinda kwa sekunde 3. Kisha ikaja Boston, Marekani, Aprili 1988. Alichuana na Ibrahim Hussein wa Kenya mpaka karibu na utepe, naye Hussein akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alitumia sekunde 44. Hebu upige hesabu, ndugu msomaji: alikimbia kwa muda wa sekunde 7,724, na sekunde moja tu ikampokonya heshima ya kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston. Alirudi huko mwaka 1989. Akawa wa pili, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia.

Pengine utasema kwamba tatizo lake lilikuwa kupenda kuongoza, kuwakingia wenzake upepo ili wao wamalizie wakiwa na nguvu. Mimi sikubali upesi hivyo. Ikangaa huyu huyu alishinda Tokyo mwaka 1984 na 1986, na Fukuoka mwaka 1986. Na mwezi Novemba 1989, miezi saba tu tangu Boston impe mgongo mara ya pili, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akimwacha Mmarekani Ken Martin kwa zaidi ya dakika nzima. Muda huo ulibaki kuwa rekodi ya mbio hizo za New York hadi mwaka 2001. Mzazi anayemkaripia mwanawe kwa nafasi ya pili ya mwezi Aprili asingekuwa na la kusema mwezi Novemba.

Wala ushindi huo haukumfanya aikwepe Boston. Aprili 1990 alikuwapo tena kwenye mstari wa kuanzia, akaongoza kwa kasi kama kawaida yake, na safari hii aliyemfuata alikuwa Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1988. Bordin alishinda. Ikangaa akawa wa pili, kwa mara ya tatu mfululizo.