Kabla ya kununua programu ya video za mafunzo, mfikirie karani wa Kibara

KILA mfumo mpya wa kompyuta unapoingia katika ofisi na vyama vyetu, huja na semina. Watu huitwa Musoma mjini, hulala gesti siku mbili tatu, mkufunzi hurusha picha ukutani, karatasi ya mahudhurio husainiwa na posho hutolewa. Kisha kila mmoja hurudi kwake. Wiki mbili baadaye karani amesahau pa kubofya, na simu ya mkufunzi haipatikani.

Mifumo yenyewe haipungui. Mashine za risiti za EFD zilianza kutumika mwaka 2010. Mwaka 2017 zilikuja kumbukumbu namba za malipo ya Serikali. Mwaka 2022 wakulima walianza kuandikishwa katika mfumo wa mbolea ya ruzuku. Mwaka 2023 mfumo wa manunuzi wa NeST ulichukua nafasi ya TANePS, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka kuiuzia halmashauri akalazimika kujisajili humo. Vyama vya ushirika navyo vina MUVU, mfumo wa usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Sipingi mifumo hii. Hoja yangu ni kwamba karani akikwama, anayeumia ni mtu mwingine. Katika msimu wa pamba kule Bunda, mkulima ameshapima mzigo wake, lakini kama taarifa haijaingizwa sawasawa, malipo yanachelewa na lawama inamwendea mwenyekiti.

Liko jambo baya zaidi. Karani aliyekwama huenda kwenye duka la steshenari, humpa kijana wa pale neno la siri la chama, na kumwambia, "Mdogo wangu, nisaidie kuingiza." Kuanzia siku hiyo funguo za chama ziko mfukoni mwa mtu ambaye si mwanachama, si mwajiriwa, na hakuna aliyemchagua.

Dawa ya ugonjwa huu ipo na si ghali: video fupi zinazoonyesha kioo cha kompyuta hatua kwa hatua, huku sauti ya mtu ikieleza kwa Kiswahili. Karani akisahau, anafungua simu na kutazama tena. Zipo programu za kompyuta zinazofanya kazi hiyo ya kurekodi kioo. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi zinapoamua kuanza, swali la kwanza linakuwa, "Tununue programu gani?" Nionavyo mimi, hapo ndipo tunapopotea.

Swali la kwanza linalofaa ni hili: atakayetazama atatazama kwa kutumia nini?

Chukua mfano wa karani wa chama cha msingi huko Kibara. Hatatazama kwenye kompyuta kubwa. Atatazama kwenye simu yake, kwa bando alilonunua mwenyewe, pengine akiwa amesimama kando ya mizani. Ukimjua mtu huyo, nusu ya uamuzi wako umekwisha.

Kwanza, video lazima iwe nyepesi. Hebu tupige hesabu. Video ya dakika tatu ina sekunde 180. Ukirekodi picha kwa kilobiti 500 kwa sekunde na sauti kwa kilobiti 64, faili lote litakuwa na megabaiti zisizofika 13. Dakika hizo hizo zikirekodiwa kwa kilobiti 6,000 kwa sekunde, kama wafanyavyo wanaorekodi michezo ya kompyuta, faili linafika megabaiti 135. Kioo kinachoonyesha fomu hakitikisiki kama mpira wa Simba na Yanga, kwa hiyo fremu 10 au 15 kwa sekunde zinatosha kabisa. Programu nzuri kwetu, basi, ni ile inayokuruhusu kupunguza vipimo hivi kwa mkono wako.

Pili, maandishi lazima yasomeke. Kioo cha kompyuta chenye upana wa nukta 1,920 kikibanwa ndani ya simu, herufi zinakuwa kama chawa. Kabla ya kurekodi, shusha kipimo hadi 1,280 kwa 720, kisha kuza ukurasa hadi asilimia 150. Hatua hiyo haina gharama, lakini ina faida kuliko mapambo yote yanayotangazwa na wauzaji wa programu.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Inayosifiwa sana kwa kazi hii ni Camtasia ya kampuni ya TechSmith ya Marekani, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002. Ni nzuri kweli: inarekodi, inakata, inakuza mahali unapobofya, inaweka mishale. Lakini siku hizi hulipiwa kila mwaka, na matoleo yake kamili hupita dola 100 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja. Chuo chenye mtu wa kazi hiyo mwaka mzima kinaweza kuilipia bila kujuta. Chama cha msingi kitakachotengeneza video kumi kisha kurudi shambani hakina sababu ya kuilipia.

Wengine hukimbilia nakala zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi. Nawasihi tuache. Mbali na kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nakala hizo zinaweza kuja na virusi, nawe unaziweka kwenye kompyuta ile ile yenye hesabu za wanachama.

Zipo zile za bure zenye masharti. Bandicam isiyolipiwa hukata video ikifika dakika 10 na kuacha jina lake juu ya picha. Nyingine hupeleka video yako kwenye mitambo yao nje ya nchi, na ukitaka kuitazama sharti uwe na intaneti. Soma masharti kabla ya kazi, si baada ya kazi.

Kwenye Windows yenyewe kuna kifaa kilichokuja na Windows 10 mwaka 2015 kwa ajili ya michezo, unachokifungua kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi G. Kinarekodi dirisha moja la programu, na kwa mfumo unaofunguliwa ndani ya kivinjari kinatosha. Kasoro yake ni kwamba hakirekodi dawati zima wala dirisha la mafaili. Kwa hiyo huwezi kukitumia kumwonyesha mtu namna ya kutafuta waraka aliouhifadhi, na hapo ndipo makarani wengi hukwama.

Ninayoipendekeza kwa ofisi nyingi za Musoma, Bunda na Butiama ni OBS Studio. Ilianza mwaka 2012, ni ya bure kabisa, haiweki alama, haina ukomo wa dakika, na haihitaji intaneti ukishaiweka. Ina makosa yake, na sitayaficha. Sura yake inatisha mara ya kwanza, kwa sababu imetengenezwa pia kwa ajili ya watu wanaorusha matangazo ya moja kwa moja. Haikati wala kuunganisha video. Na tangu toleo la 28 la mwaka 2022 haikubali Windows 7 wala 8, ambazo bado zimo kwenye kompyuta nyingi za zamani. Mwenye kompyuta ya aina hiyo ajaribu kwanza kabla ya kupanga kazi.

Nina sababu moja kubwa ya kuichagua: umeme. Kila mtu hapa anajua maana ya kuzungumza dakika tano vizuri, bila kukosea, halafu umeme ukatike. Faili la MP4 la kawaida huandikiwa orodha yake ya ndani mwishoni, kurekodi kunaposimamishwa. Umeme ukikatika kabla, faili halifunguki na kazi yote imepotea. Faili la aina ya MKV huandikwa hatua kwa hatua, na kilichorekodiwa kabla ya giza hubaki. OBS inaweza kurekodi kwa MKV, na ndani yake ipo amri ya kuligeuza faili hilo kuwa MP4 baadaye, kwa sekunde chache, ili lifunguke kwenye simu. Sijaona mshauri wa mijini akiliweka hili kwenye orodha yake, kwa sababu pengine jenereta ya ofisini kwake hujiwasha yenyewe.

Kama mfumo unaofundishwa unatumika kwenye simu, usihangaike na kompyuta. Android 11 ya mwaka 2020 ilikuja na kirekodi cha kioo ndani yake, na simu nyingi zilizotoka baada ya hapo zinacho. Ila programu za benki na za fedha mara nyingi huzuia kurekodiwa, na utaambulia kioo cheusi. Hiyo ni kinga, si ubovu wa simu.

Jambo ambalo watu hulisahau ni siri. Ukirekodi kioo, unarekodi kila kilichopo: majina ya wanachama, namba zao za simu, namba zao za NIDA, deni la mtu. Ukirekodi simu, ujumbe wa salio lako unaweza kushuka juu ya kioo katikati ya somo na kusambaa wilaya nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na chama cha ushirika hakikuachwa nje. Tumia mwanachama wa mfano mwenye jina na namba za kubuni. Zima taarifa zinazoingia. Neno la siri liandikwe kabla ya kurekodi kuanza.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kwa nini nasisitiza video fupi. Ni kwa sababu mifumo hubadilika sura. Leo kitufe kiko kulia, mwakani kiko kushoto. Ukitengeneza video moja ya saa nzima, badiliko dogo linaiharibu yote. Ukitengeneza video 12 za dakika tatu, kila moja ikiwa na kazi moja tu, kama vile kuingiza mzigo, kusahihisha kosa au kutoa ripoti, unarekodi upya ile moja iliyopitwa. Ukifuata utaratibu huo, huhitaji programu ya gharama ya kukata na kuunganisha. Ukikosea, unaanza tena.

Sauti nayo isipuuzwe. Picha ikiwa hafifu mtu atavumilia, lakini sauti ikiwa mbaya atazima. Maikrofoni ya waya wa simu, ikiwekwa karibu na mdomo, mara nyingi hushinda ile iliyomo ndani ya kompyuta. Funga madirisha upepo wa ziwa unapovuma, na rekodi kabla bodaboda hazijaamka. Anayesema awe karani anayeifanya kazi hiyo, kwa Kiswahili cha kila siku. Mfumo ukiwa na neno la Kiingereza kwenye kitufe, alisome kama lilivyo, kisha aeleze maana yake.

Usambazaji ni rahisi. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na herufi hufifia. Itume kama waraka, itafika kama ilivyo. Asiye na bando apewe kwa flashi au kadi ya simu siku ya mkutano.

Wapo watakaosema video haiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu. Ni kweli, na historia yetu inathibitisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini redio haikuachwa peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakawa na kiongozi na kitabu, wakasikiliza na kujadiliana. Basi nasi tusitupe video kwenye kundi la WhatsApp na kunawa mikono. Kila chama kiteue mtu mmoja wa kuulizwa, na maswali yanayojirudia ndiyo yawe video zinazofuata.

Wengine watasema kazi hii ni ya waliotengeneza mfumo, walioko Dodoma na Dar es Salaam. Nao wana wajibu wao. Lakini wao hufundisha mfumo unavyopaswa kufanya kazi. Karani wa Kibara anajua pale unapogoma, mtandao unapoyumba, na mkulima anapofika na jina lisilolingana na kitambulisho. Somo hilo ni yeye pekee anayeweza kulirekodi.

Kwa wanaohofia gharama, tuseme semina ina watu 20, posho Sh40,000 kwa siku, siku tatu. Hizo ni Sh2.4 milioni kabla ya nauli na ukumbi. Sisemi semina zifutwe. Nasema kila semina iache video nyuma yake, na mkufunzi asilipwe kipande cha mwisho cha fedha zake mpaka azikabidhi, pamoja na mafaili ya asili, ili siku akiondoka mwingine aweze kuendelea.

Hapa Musoma ndipo mwaka 1974 TANU ilipotoa azimio la kila mtoto kupata elimu ya msingi. Wakati ule hoja ilikuwa kwamba maarifa yasiwe ya wachache. Katika vyama vyetu leo, maarifa ya mfumo yamo kichwani mwa mtu mmoja, na akihama yanahama naye. Viongozi wa vyama waanze wiki hii: wachague kazi tatu zinazowasumbua makarani wao, wapakue programu ya bure, na wamkabidhi karani maikrofoni. Baada ya hapo wabadilishe lile neno la siri lililoko steshenari.