Kufungua mlango wa gari si kung'oa: tuwafundishe vijana wahami

Jirani yangu hapa Bunia alipeleka gari lake garaje kwa sababu kioo cha mlango kilikuwa hakipandi. Kioo kilitengenezwa. Lakini mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaliingia ndani na kulowesha zulia, na mlango ukawa unapiga kelele kila akipita kwenye shimo. Alipoenda kulalamika, mwenye garaje alimwonyesha kijana mmoja mhami: “Ni huyu aliyeharibu.” Kijana akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, mwenye kosa si kijana. Alipewa bisibisi, hakupewa maelezo.

Fundi mzoefu anajua kwamba ubao wa ndani wa mlango hauvutwi kwa nguvu. Kwanza unatafuta skrubu zilizofichwa: nyuma ya mkono wa kufungulia, na pale pa kuegemeza mkono, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo. Zikisha kutoka, unaingiza kifaa cha plastiki pembeni, si chuma, unaachisha vifungio kimoja kimoja. Kisha unanyanyua ubao na kuchomoa waya za kioo kabla ya kuuweka mbali. Nyuma yake kuna nailoni iliyogandishwa. Wengi huipasua na kuitupa. Kumbe hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani, yateremke na kutoka kwa matundu ya chini ya mlango.

Kuna hatari zaidi. Gari nyingi za leo, kuanzia zile tunazopokea kutoka Japani hadi gari za mbio za milango miwili, zina mifuko ya hewa ya usalama nyuma ya mapambo ya ndani. Waya zake mara nyingi zina vichwa vya rangi ya njano. Kabla ya kuzigusa, betri inachomolewa na fundi anangoja dakika kadhaa. Mfuko ukilipuka usoni, kijana anaweza kupoteza jicho.

Wenye garaje watasema mteja anangoja, hakuna wakati wa kufundisha. Lakini mteja wa maji ndani ya gari harudi tena, na anawaambia wengine.

Familia zilizokimbia Djugu na Irumu ziliacha mashamba na mifugo. Ufundi ni mali ambayo mtu anaweza kukimbia nayo. Kwa hiyo wazazi, kabla ya kutoa pesa ya kujifunzia, ulizeni: nani atamfundisha mtoto wetu, na ataanza na nini? Nanyi vijana, msione haya kuuliza kabla ya kuvuta.

Yule kijana bado anatafuta garaje. Atakayempokea amwonyeshe kwanza skrubu ziko wapi.