Mtu wa Kati Siyo Dalali, Ila Atuonyeshe Kazi Yake

Wasomi wenzangu, neno "zabuni" lina sifa mbaya hapa chuoni. Litaje tu kwenye vimbweta, hujamaliza sentensi mtu ameshasema, "Huo ni mchongo wa wenye koneksheni." Na ukiongeza kwamba serikali imenunua ruta, simu za ofisini au redio za upepo kupitia kampuni ya katikati badala ya kwenda moja kwa moja kwa mtengenezaji, hukumu inatoka hapo hapo: dalali huyo!

Mimi siikubali hukumu hiyo. Mtu wa kati katika biashara hii ana kazi halali, tena ngumu. Tatizo ni kwamba utaratibu wetu wa kununua haumtofautishi anayefanya kazi na anayepitisha karatasi, na wote wawili tunawalipa bei ileile. Anayeumia ni mwananchi wa wilayani, na baada yake ni mimi na wewe tunaokaribia kuvaa joho.

Nilifanya mafunzo kwa vitendo, ile field yetu ya wiki nane, kwenye kampuni moja ndogo jijini Dar es Salaam inayouza vifaa vya mawasiliano kwa taasisi za umma. Nilikwenda nikidhani nitakuta watu wa kupiga simu na kubeba bahasha. Niliyoyakuta ni haya.

Makampuni makubwa kama Cisco au Motorola Solutions hayana duka la kumuuzia afisa wa halmashauri. Huuza kwa msambazaji mkubwa anayeweka mzigo na kutoa mkopo wa siku chache, kisha msambazaji humuuzia mshirika, na mshirika ndiye anayekutana na mteja. Mtengenezaji aliye Marekani hawezi kuweka fundi Sumbawanga. Mshirika ndiye mwenye leseni ya TCRA ya kuingiza na kusambaza vifaa, ndiye anayehakikisha kifaa kimeidhinishwa kutumika nchini, na kama ni redio, ndiye anayemwelekeza mteja kuomba masafa. Ndiye aliyejisajili NeST, ule mfumo wa kielektroniki ambao tangu 2023 zabuni za umma zinapitia humo. Akishinda, ndiye anayekwenda kupima eneo, kupanda mnara, kuvuta nyaya, kufundisha watumiaji na kupokea simu saa nane usiku mtandao ukikata. Ukimtoa huyo, hizo kazi hazifi. Zinabaki pale pale, na lazima mtu azifanye.

Kwa hiyo anayesema "tununue moja kwa moja kiwandani, tutaokoa hela" amepiga hesabu ya boksi, hajapiga hesabu ya mawasiliano. Nilifika kwenye ofisi moja ya umma, siitaji, ambako redio mpya zilikuwa kabatini ndani ya plastiki zake. Zilinunuliwa kwa aliyetoa bei ya chini kabisa. Ripita haikuwemo kwenye ununuzi, antena ya mnarani haikuwemo, na hakuna aliyelipwa kuzipangia chaneli. Karatasi zote zilikuwa safi: zabuni imetangazwa, mshindi amepatikana, mzigo umepokelewa, ankara imelipwa. Ila dereva wa gari la wagonjwa bado alikuwa anatafuta mtandao wa simu yake mwenyewe juu ya kilima. Mkaguzi wa karatasi angeipa ile ofisi alama A. Mimi ningeipa sapu.

Najua kwa nini hatuwaamini watu wa kati. Sisi ni watoto wa nchi iliyopata "chenji ya rada". Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: Tanzania ilinunua mfumo wa rada ya kuongozea ndege kutoka BAE ya Uingereza kwa takribani dola milioni 40. Ndani ya mauzo hayo, kiasi cha dola milioni 12 kilikwenda kwa kampuni zilizohusishwa na mtu wa kati aliyeitwa mshauri wa masoko. Hiyo ni karibu theluthi ya bei. Desemba 2010, mahakamani London, BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo hayo. Ikapigwa faini ya pauni 500,000 na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Wengine wetu huenda tulisoma kwenye vitabu hivyo.

Watu wengi wanachukua somo moja tu kwenye kisa kile: mtu wa kati ni mwizi. Mimi nachukua lingine. Ukiuliza zile dola milioni 12 zililipia kazi gani, hupati jibu linaloshikika. Hakuna waya uliovutwa, hakuna fundi aliyefundishwa, hakuna waranti iliyobebwa. Aliyelipwa hakuwa muuzaji aliyebeba mzigo akawajibika nao. Kosa lenyewe lililokiriwa ni la hesabu zisizoonyesha pesa ilikwenda wapi na kwa kazi ipi. Basi swali la kumuuliza kila mtu wa kati ni hilo hilo: umefanya nini, na kwa kiasi gani? Mwenye kazi atalijibu kwa dakika tano.

Sasa tuje kwenye mambo matatu yanayomfanya hata mshirika mwema aonekane dalali.

La kwanza ni barua ya mtengenezaji. Zabuni nyingi za vifaa vya mtandao zinamtaka mzabuni aambatishe barua inayothibitisha kuwa mtengenezaji amemruhusu kuuza. Ni sharti zuri, linazuia vifaa feki vya vichochoroni. Lakini makampuni mengi ya vifaa hivi yana utaratibu mwingine nyuma ya pazia: mshirika wa kwanza kumpelekea mtengenezaji taarifa za mteja anaandikishwa kama mwenye dili, na anapewa punguzo kubwa kuliko wenzake. Tuchukue mfano wa kufikirika. Swichi ina bei ya orodha ya shilingi milioni 10. Aliyeandikishwa anaipata kwa milioni 6, wengine kwa milioni 8. Zabuni ikitangazwa wanajitokeza watatu na kwenye mfumo kila kitu kinaonekana cha ushindani. Ukweli ni kwamba mshindi alijulikana kabla ya tangazo, wala hakuna aliyetoa hongo.

Simlaumu mtengenezaji moja kwa moja. Huyo wa kwanza mara nyingi ndiye aliyetembea, akapima, akamwonyesha mteja kifaa kikifanya kazi, na si haki mwingine aje achume asipopanda. Ila dawa ipo. Kwanza, vigezo vya kiufundi viandikwe kwa kazi inayotakiwa, siyo kwa nembo. Kanuni ya kawaida ya ununuzi wa umma ni kwamba ukilazimika kutaja nembo, uongeze "au kinacholingana nacho". Hapo ushindani unakuwa kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na punguzo la aliyeandikishwa haliui soko. Pili, kama ni lazima kifaa kiwe cha kampuni fulani kwa sababu mtandao mzima umejengwa nacho, taasisi imtake mtengenezaji atoe masharti sawa kwa kila mshirika aliyefuzu. Kazi ya awali ya kupima na kushauri ilipwe kwa mkataba wake mdogo, hadharani, isifichwe ndani ya bei ya boksi.

La pili ni kununua boksi badala ya huduma. Ruta haiishi siku inapopokelewa stoo. Ina leseni za kuhuisha, ina masasisho ya programu, ina vipuri, ina fundi. Zabuni inayolinganisha bei ya siku ya kwanza tu inamzawadia mzabuni aliyeondoa vitu vyote hivyo kwenye karatasi yake, na inamwadhibu mwenzake aliyekuwa mkweli. Ingetosha jedwali la bei kuwa na mistari minne: kifaa, ufungaji, mafunzo, na matengenezo ya miaka mitano. Kila mzabuni ajaze yote, na mshindi apatikane kwa jumla. Anayepitisha karatasi ataonekana mara moja, kwa sababu mistari mitatu ya chini hana cha kuandika.

La tatu ni malipo kuchelewa, na hapa mwenye lawama ni mteja. Mshirika anadaiwa na msambazaji ndani ya siku 30 hivi. Serikali ikichelewa, anakimbilia benki. Mfano wangu mwingine wa kufikirika: vifaa vya shilingi milioni 100, mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, malipo yakatoka baada ya miezi 9. Riba peke yake ni milioni 13 na nusu. Unadhani ataitoa mfukoni? Ataipachika kwenye zabuni ijayo, na hapo tutasema "ona, dalali kaongeza bei". Sehemu ya kile tunachokiita tamaa ya mtu wa kati ni gharama ya ucheleweshaji wetu wenyewe.

Kuna anayesema Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, GPSA, tayari una mikataba maalumu ya bidhaa zinazotumika mara kwa mara, kwa hiyo bei imeshadhibitiwa. Sawa, kwa karatasi na wino wa printa inafaa sana. Mfumo wa mawasiliano wa hospitali ya wilaya ni kitu kingine, maana kila eneo lina kilima chake na umeme wake. Bei ya pamoja ya kifaa inasaidia, ila haikwambii antena ielekee wapi.

Haya yanatuhusu nini sisi wa hosteli tunaosubiri bumu? Sheria inataka kila taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kitaa nimeona vikundi vya vijana vikipata usafi, chakula cha semina na vifaa vya ofisini. Siyo vibaya, lakini tunao wahitimu wa uhandisi wa mawasiliano wanaofagia korido za ofisi ambazo mtandao wake wangeweza kuufunga. Mlango wa vifaa umefungwa kwa sababu mbili nilizozitaja: barua ya mtengenezaji na mtaji wa kusubiri malipo. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambamo vijana tuna asilimia 4, haitoshi kubeba kontena la ruta kwa miezi 9.

Ndiyo maana napendekeza zabuni za mawasiliano zigawanywe mafungu. Fungu la vifaa libaki kwa mshirika mwenye mtaji na barua. Fungu la ufungaji, mafunzo kwa watumiaji na matengenezo ya mwaka litengewe vikundi vya vijana wenye ujuzi. Hilo linadai akili, ngazi na kipimia nyaya, halidai mamilioni benki. Wapo watakaosema ukigawa hivyo kila mmoja atamsukumia mwenzake lawama mfumo ukigoma. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni mkataba unaosema wazi mpaka wa kila fungu na jaribio la pamoja siku ya makabidhiano: redio ya kijiji cha mwisho iite, hospitali iitike, ndipo wote wawili walipwe.

Tuanzie nyumbani. Chuo chetu nacho ni taasisi ya umma, kinatangaza zabuni NeST kama wengine. Wi-Fi ya hosteli inayokata kila ikifika saa mbili usiku ilinunuliwa na mtu, kutoka kwa mtu, kwa mkataba. Naiomba serikali ya wanafunzi iandike barua rasmi kwa uongozi na kuuliza maswali manne tu. Mkataba ule ulikuwa na mstari wa matengenezo? Unaisha lini? Nani anapaswa kuja mtandao ukikata, na ndani ya saa ngapi? Je, zabuni ijayo inaweza kuwa na fungu ambalo wahitimu wetu wanaweza kuliomba?

Wa ununuzi na ugavi watusaidie kusoma majibu, wa sheria wasome masharti, wa mawasiliano wapime mtandao wenyewe. Barua ikipelekwa wiki hii, majibu yanaweza kufika kabla ya UE.